Tandiko, Fremu na Mpandaji Mrefu: Historia Fupi ya Kipimo cha Baiskeli na Maneno Yake

Baraza lilipata kuletewa kijitabu cha kurasa chache, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, chenye kueleza namna ya kuitunza na kuirekebisha baiskeli. Waliokileta walitaka lugha yake ikaguliwe kabla hakijapigwa chapa. Kazi hiyo alipewa mwandishi wa makala haya, naye alidhani angeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini katika ukurasa wa pili alikutana na sentensi iliyomzuia kwa siku mbili: "Rekebisha urefu wa kiti kulingana na urefu wako."

Kisarufi sentensi hiyo haina kosa, na msomaji mwenye haraka atapita akiamini kwamba ameielewa. Walakini ina makosa matatu ya maana, na kila kosa lina historia yake. Neno "urefu" katika lugha yetu hutumika kwa kitu kilicholala na kwa kitu kilichosimama: kamba ni ndefu, safari ni ndefu, mnazi ni mrefu, na mtu ni mrefu. Hivyo "urefu wa kiti" waweza kuwa ni kipimo cha kutoka ncha yake ya mbele hadi ukingo wake wa nyuma, jambo ambalo hakuna fundi awezaye kulirekebisha kwa spana. Kosa la pili ni "urefu wako". Baiskeli haina habari na kichwa cha mtu wala shingo yake. Inahusika na miguu. Kosa la tatu, ambalo naliona kubwa kuliko mengine, ni neno "kiti" lenyewe. Ili tuyaone makosa hayo vizuri, yafaa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1817 Mjerumani aitwaye Karl von Drais alitoka mjini Mannheim akielekea Schwetzingen juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyofuatana. Chombo hicho hakikuwa na pedali wala mnyororo. Mpandaji alikikalia, akasukuma ardhi kwa nyayo zake, mguu huu kisha mguu ule, mfano wa mtu anayekimbia hali amekaa. Katika chombo cha namna hiyo kipimo cha mpandaji kilikuwa ni kimoja tu: je, nyayo zake zinafika chini? Kikalio kikiwa juu mno miguu huning'inia, na kikiwa chini mno magoti hujikunja akashindwa kusukuma. Hapo neno "kiti" lingefaa kabisa, maana mtu alikaa na miguu yake ikagusa chini kama anavyokaa nyumbani kwake.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1860, huko Paris, zilipouzwa baiskeli zenye pedali zilizofungwa katika gurudumu la mbele. Jina la Pierre Michaux ndilo linalotajwa zaidi katika habari hiyo. Kuanzia hapo miguu iliiacha ardhi. Ila pedali zile zilikuwa zimeshikamana na gurudumu lenyewe, hivyo mzunguko mmoja wa pedali ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu, bila kupungua wala kuzidi. Aliyetaka kwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko hakuwa na njia nyingine isipokuwa kulikuza gurudumu. Katika miaka ya 1870 mafundi wa Uingereza, James Starley wa Coventry akiwa mashuhuri miongoni mwao, walilikuza hata likamfikia mtu kifuani, na lile la nyuma likabaki dogo kama la kigari cha mtoto.

Huo ndio uliokuwa wakati wa ufalme wa mpandaji mrefu. Gurudumu lilinunuliwa kwa kipimo cha miguu ya mnunuzi, kama suruali. Mwenye miguu mifupi alichukua la inchi 50, na mwenye miguu mirefu aliweza kupanda hata la inchi 60. Tukipiga hesabu, gurudumu la inchi 50 huenda karibu mita 4 kwa mzunguko mmoja, na la inchi 60 huenda karibu mita 4 na sentimita 80. Kwa kila mzunguko, basi, mtu mrefu alimwacha mwenziwe kwa sentimita 80 bila ya kutoa jasho la ziada kwa sababu ya ufundi wowote, alizaliwa nazo. Alizilipia, hata hivyo, alipoanguka. Gurudumu lilipokwama penye jiwe, mpandaji alirushwa mbele juu ya usukani, na aliye juu zaidi huanguka kutoka juu zaidi.

Ufalme huo ulikoma kwa sababu ya mnyororo. Mwaka 1885 John Kemp Starley, mpwa wa yule Starley wa kwanza, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover. Magurudumu yake yalikaribiana kwa ukubwa, mpandaji alikaa katikati, na mnyororo ukapeleka nguvu za pedali kwenye gurudumu la nyuma. Tuseme gia kubwa ina meno 46 na ndogo ina meno 19: gurudumu la inchi 28 litakwenda kama gurudumu la inchi 68 lingekwenda katika mtindo wa kale, na gurudumu la ukubwa huo hapana binadamu ambaye angeweza kulipanda. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo, na umbo la baiskeli likawa karibu lile tulijualo hadi leo.

Hapa pana jambo la kumpendeza mwanaistilahi. Waingereza hadi sasa huipima nguvu ya gia kwa inchi, na inchi hizo ni za kipenyo cha lile gurudumu kubwa la mbele ambalo siku hizi hutengenezwa kwa nadra tu. Kitu kimekufa, kipimo chake kinaishi ndani ya istilahi. Atakayeifasiri "inchi za gia" bila kuijua habari hiyo atatafuta inchi hizo kwa rula asizione.

Mnyororo ulipolitenga gurudumu na mguu, swali la kipimo cha mtu lilihama mahali. Gurudumu sasa laweza kuwa moja kwa watu wote. Kinachomfaa au kisichomfaa mpandaji ni fremu, yaani yale mabomba ya chuma yaliyounganishwa, na hasa bomba linalosimama kutoka kwenye mhimili wa pedali kwenda juu hadi linapoingia tandiko. Bomba hilo ndilo lililopimwa viwandani, na baiskeli kubwa za barabarani zilitoka kwa fremu za inchi 20, 22 na 24, ambazo ni kama sentimita 51, 56 na 61. Ama magurudumu yake yalikuwa yale yale ya inchi 28.

Baiskeli za namna hiyo ndizo zilizoenea Afrika Mashariki: kwanza Raleigh za Nottingham na wenzake Waingereza, kisha Phoenix za Shanghai na Hero za India, na Swala za hapa kwetu. Ziliingia na jina lao, nasi tukalipokea kwa sauti zetu: baisikeli, kisha baiskeli. Majirani zetu hawakufanya vivyo hivyo wote. Waganda walichukua neno "gari" wakasema eggaali, na Wanyarwanda wakasema igare, hali kwetu "gari" lilikwenda kwa vyombo vikubwa zaidi. Kiswahili cha Katanga kina neno kinga, na Warundi husema ikinga. Aidha huko Kongo husikika pia velo, kutoka Kifaransa. Yastaajabisha kwamba chombo kimoja kina majina manne au matano katika eneo ambalo mtu aweza kulivuka kwa chombo hicho hicho.

Pamoja na jina la chombo zilikuja namba zake, nazo ndizo zilizotuletea hasara. Mtu wa kwetu anaponunua baiskeli huuliza: "Ni namba ngapi?" Huambiwa: "Namba 28." Husikia kwamba ndiyo kubwa, naye kwa kuwa ni mtu mzima, tena mrefu, hulipa akaenda zake. Namba hiyo ni ya gurudumu. Haimwambii lolote juu ya fremu, ambayo yaweza kuwa ya inchi 22 au ya inchi 24, na kwa mtu mrefu tofauti ya hizo mbili ni tofauti ya magoti mazima na magoti mabovu. Desturi ya kuitaja baiskeli kwa gurudumu lake ilikuwa na maana kamili katika miaka ya 1870, gurudumu lilipokuwa ndilo kipimo cha mtu. Leo ni masalia tu. Hakuna aliyetudanganya; ni neno limebaki mahali ambapo maana yake imekwisha kuhama.

Mwandishi ana ushahidi wa nafsi yake katika jambo hili, nao atautaja kwa ufupi. Ana kimo cha sentimita 189, na kwa miaka minne aliendesha "namba 28" ya fremu ya inchi 22, tandiko likiwa limeshushwa kama lilivyotoka dukani, kwa vile aliamini kwamba mwendeshaji anapaswa kuweka nyayo zote mbili chini asimamapo. Maumivu yalianza mbele ya goti la kulia, chini kidogo ya kifuniko chake. Alidhani ni uzee wa mapema. Fundi wa baiskeli mtaani, mzee asiyependa maneno mengi, alimtazama akipita mara mbili, kisha akamwita: "Kijana, wewe unachuchumaa, huendeshi."

Neno hilo la kuchuchumaa lilikuwa sahihi kuliko lolote lililokuwamo katika kile kijitabu. Tandiko likiwa chini, goti halinyooki hata pedali inapofika mwisho wake wa chini. Linabaki limekunjwa sana, na kila mzunguko unakuwa kama kuinuka kutoka katika kuchuchumaa, mara elfu kadhaa kwa safari moja. Uzito wa kazi hiyo huangukia mbele ya goti. Tandiko likizidi kwenda juu, kinyume chake hutokea: nyonga huyumba huku na huku mpandaji akiitafuta pedali, na maumivu huja nyuma ya goti. Kati ya hayo mawili pana mahali pa haki. Wataalamu wa siku hizi hupendekeza kwamba pedali inapokuwa chini kabisa goti libaki limekunjwa kwa nyuzi 25 hadi 35 hivi.

Namna ya kupapata mahali hapo imetafutwa kwa hesabu pia. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walitoa matokeo yao kwamba nguvu hutumika vizuri zaidi tandiko linapokuwa mbali na pedali ya chini kwa asilimia 109 ya kipimo cha mguu, kutoka kwenye kinena hadi sakafuni. Miaka ishirini baadaye bingwa wa Marekani Greg LeMond alieneza kanuni aliyoipata kwa mwalimu wake Mfaransa, Cyrille Guimard: zidisha kipimo hicho cha mguu kwa 0.883, nawe utapata umbali wa kutoka mhimili wa kati hadi juu ya tandiko. Kwa mguu wa sentimita 90, kanuni ya kwanza hutoa sentimita 98.1 kutoka kwenye pedali. Tukitoa mkono wa pedali wa sentimita 16.5, zinabaki 81.6 kutoka kwenye mhimili. Kanuni ya pili hutoa 79.5. Zinapishana kwa sentimita mbili, jambo linaloonyesha kwamba hesabu humfikisha mtu mlangoni tu. Kuingia ni kazi ya mwili wake mwenyewe.

Fundi yule hakuwa na hesabu. Alinishikia baiskeli, akaniambia nikae sawasawa, niweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ulipaswa kunyooka bila ya nyonga kuinama upande. Ukisha kunyooka hivyo kwa kisigino, basi utakapoikanyaga pedali kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo kidogo unaotakiwa. Njia hiyo ni ya zamani, haihitaji karatasi, na mtu asiyejua kusoma huielewa mara moja. Kwangu tandiko lilihitaji kupanda sana, na hapo ndipo tulipogonga mwamba: nguzo ya tandiko iliyokuja na baiskeli ilikuwa fupi. Ingefika, lakini kwa kubakiwa na kipande kidogo tu ndani ya fremu, na fundi alikataa. Yafaa sentimita 6 au 7 zibaki ndani, alisema; la sivyo nguzo hupinda, au huipasua fremu penye maungio. Alinitafutia nguzo ndefu zaidi katika vyuma vyake vya zamani. Baadaye nilipata fremu ya inchi 24, na goti likapona.

Sasa turudi katika ile sentensi. Sababu ya kulishusha tandiko hadi nyayo zifike chini ni kwamba tumeliita kiti, na kwa kinywa cha mtaani siti. Kiti ni mahali ambapo mwili wote hutua na miguu hupumzika chini. Lakini tangu pedali zilipovumbuliwa, uzito wa mpandaji umegawanyika sehemu tatu, kwenye nyayo, kwenye mikono, na pale anapokaa, na mguu haupumziki kamwe. Hali hiyo ni ya mtu aliyempanda mnyama. Lugha yetu ina neno lake tangu kale, tandiko, na wengine husema seruji. Mpanda punda hatarajii kugusa ardhi kwa nyayo zake zote mbili. Akigusa, punda ni mdogo. Ndiyo maana mwandishi amependekeza "tandiko" litumike katika maandishi yote ya ufundi, si kwa kuichukia siti, bali kwa kuwa neno moja humfundisha mtu kukaa vibaya na jingine humfundisha kukaa vizuri.

Kuhusu "urefu", Kiswahili hakina umaskini. Kimo ni neno la mtu aliyesimama na la kitu kilichosimama, na walimu wa hisabati walikwisha kulitumia kwa pembetatu bila ya mtu yeyote kulalamika. "Kimo cha tandiko" hakiwezi kuchanganywa na urefu wa tandiko. Lililobaki ni kukubaliana pa kuanzia kupima, nasi tumeandika: kutoka kwenye mhimili wa kati hadi juu ya tandiko, kwa kufuata bomba la fremu.

Kipimo cha mguu kilileta ubishi mrefu zaidi. Rasimu ya kwanza ilisema "urefu wa mguu wa ndani", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Mjumbe mmoja aliuliza mguu wa ndani ni upi, na kama mtu anao wa nje pia. Kikao kilicheka, na rasimu ikafa. Tumeandika "kipimo cha kinena", tukaeleza kwamba hupimwa mtu akiwa pekupeku, amesimama na mgongo ukutani, kitabu kikiwa kimebanwa juu kati ya mapaja yake. Kipimo hiki kina faida ya kumwondolea msomaji dhana ya "urefu wako". Watu wawili wenye kimo cha sentimita 189, mmoja ana kinena cha sentimita 90 na mwingine cha 84, hupishana katika kimo cha tandiko kwa zaidi ya sentimita 5, ijapokuwa wakisimama pamoja vichwa vyao viko sawa. Aliye na miguu mifupi ana kiwiliwili kirefu, naye shida yake haitakuwa kwenye tandiko bali kwenye usukani.

Usukani ni neno la baharini, lenye asili ya Kiarabu, nalo lilishuka kutoka nyuma ya jahazi likapanda mbele ya baiskeli bila ya kubadilisha nguo. Hatuna haja ya kuligusa. Kinachohitaji maneno ni mambo mawili yanayomhusu mtu mrefu: kimo cha usukani, na umbali wa kutoka tandiko hadi usukani. Tandiko likipandishwa sentimita 8 na usukani ukaachwa palepale, mpandaji huinama, uzito huenda mikononi, na baada ya mwendo mrefu ganzi huingia viganjani na shingo hukaza. Basi usukani nao hupandishwa. Katika baiskeli za breki za fito kazi hiyo yataka uangalifu, kwa sababu fito za breki zimeshikamana na usukani, na fundi anayepandisha usukani bila ya kuzilegeza na kuzipima upya humrudishia mtu baiskeli yenye starehe isiyosimama. Ama umbali, watu wengine huutafuta kwa kulisogeza tandiko nyuma. Hilo si jambo la kushauriwa, kwani tandiko lina mahali pake kwa ajili ya goti, na mikono haipaswi kuliamulia.

Mkono wa pedali hautatuchelewesha. Iliwahi kudhaniwa kwamba mtu mrefu lazima apewe mkono mrefu, lakini jaribio la Martin na Spirduso, lililochapishwa mwaka 2001, lilionyesha kwamba ni mikono iliyopita kiasi tu, ya milimita 120 na ya milimita 220, iliyopunguza nguvu ikilinganishwa na ile ya milimita 145 na 170. Mikono ipatikanayo madukani iko mbali na kingo hizo.

Limebaki neno moja ambalo halijapatikana. Mguu kwetu ni kutoka nyonga hadi vidole, na unyayo ni chini yake yote. Lile eneo pana nyuma tu ya vidole, ambalo ndilo lipaswalo kuikanyaga pedali, na ambalo fundi alinionyesha kwa kulipiga kwa spana, halina jina katika orodha zetu wala katika kamusi zilizo mezani pa mwandishi. Tumeandika "sehemu ya mbele ya unyayo", ambayo yaweza kudhaniwa kuwa ni vidole. Wachezaji wa ngoma, wanariadha, na washonaji wa viatu na makubadhi yumkini wanalo neno. Yeyote anayelijua, hasa kutoka Pwani na Visiwani, anaombwa aliandikie Baraza, akitaja mahali alipolisikia na linavyotamkwa huko.